Majani ya Bibi Erina

Uvumi ulianzia kwa muuza matoke, ukamganda Nakibuule kama kupe: mtoto wake wa miezi minne ameota nywele mgongoni na mashavuni.

"Mubiru ni wa ukoo wa samaki kamongo," wanawake walisema. "Tangu lini kamongo akawa na manyoya? Muulizeni yule muuza maziwa, wa ukoo wa tumbili."

Mubiru, mume wa Nakibuule, akaacha kumpakata mwanawe. Jumapili wazee wa ukoo wangekaa. Wakimkataa mtoto, hana jina, na mama yake anarudi kwao.

Aliyemtetea Nakibuule ni mkwewe, Bibi Erina, mama yake Mubiru, aliyetoka Masaka kuja kumwogesha mjukuu kwa maji ya majani, kama alivyowaogesha wajukuu tisa. "Huyu ni wetu," aliwaambia. "Masikio haya ni ya marehemu mume wangu. Nyie kamenyeni matoke." Nakibuule aliinama, akakaza kitambaa ambacho hakikumtoka kichwani tangu ajifungue.

Jumamosi walikwenda zahanati. Daktari aliusikiliza moyo wa mtoto, unakwenda mbio. Akasema kuna kitu kimefungua vijilango vya potasiamu kwenye misuli ya mishipa yake ya damu. Mishipa imelegea, na nywele nazo zinaota. Ni kitu cha humo humo nyumbani. Akawatoa nje Mubiru na mama yake, akabaki na Nakibuule.

Nakibuule alipotoka alikuwa na karatasi, kaikunja kiganjani. Hakumtazama mtu usoni.

"Daktari anasema ni majani, mama."

Bibi Erina aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Basi nimezeeka," alisema. "Nimechuma jani baya. Nisamehe, mwanangu."

Kesho yake alisimama mbele ya wazee, akakiri kosa, mtoto akapewa jina. Kisha akafunga chungu chake kwenye kitenge, akapanda basi la Masaka. Hakuomba hata kumbeba mjukuu mara ya mwisho.

Miezi ikapita, nywele zikapukutika. Mubiru akasema, unaona sasa, ni yale majani. Nakibuule akaitikia. Karatasi ya daktari ilikuwa chini ya godoro, na kila alipobaki peke yake aliitoa akaisoma.

Epuka:
Kujipaka matone ya kuotesha nywele wakati unanyonyesha.
Kumlaza mtoto kwenye mto wako.
Kumshika kabla hujanawa kwa sabuni.
Kumlaumu bibi. Majani yake hayana kosa.