Kura ya Mezani

Sheria ilimtaka kila mwanafunzi apigie kura uwekezaji wa chuo chake akiwa nyumbani, kwa sauti, wazazi wakisikia. Tusekile hakuwa na wasiwasi. Wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kuyakataa makaa ya mawe. Baba yake alikuwa ametoka kuyachimba, katika mgodi ulioendeshwa kwa fedha za chuo hichohicho. Alinawa mikono, maji yakawa meusi, akakaa mezani.

"Chuo kiendelee na makaa?" kikauliza kipaza sauti cha ukutani.

"Kijitoe," akasema Tusekile bila kupepesa macho.

"Mzazi, umesikia?"

"Nimesikia," akajibu baba. "Nilimlea aseme analoliamini."

Akamsogezea mwanawe mnofu mkubwa kuliko yote. Kisha akainuka kwenda kunawa tena, na hakurudi mpaka ugali ukapoa.