Mpima Vichwa wa Daraja Jipya

Mwanamume mwenye kofia ngumu ya njano alikuwa amepiga goti mbele ya Kisoda, mkononi ana rula ya mbao yenye midomo miwili, kama ile ya kupimia miguu kwenye duka la viatu. Mdomo mmoja aliuweka juu ya sikio la kushoto la mtoto. Wa pili akausogeza taratibu mpaka ukagusa upande wa kulia. Akasoma, akaandika. Kisha akampima kifua, kutoka mbele hadi mgongoni.

Mama Kisoda aliyaona hayo akiwa kwenye foleni ya maji, ng'ambo ya barabara kuu iliyokuwa inapanuliwa. Mpaka azunguke mitaro na vifusi, yule mtu hayupo.

"Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mama. Kaniuliza miaka yangu nikamwambia sita. Kaniuliza shule naenda na nani. Halafu akasema asante."

"Na dada yako?"

"Alitaka kupimwa na yeye. Kaambiwa kichwa chake kikubwa, hakina kazi."

Siku nyingine mama angecheka, akasema hilo hata mwalimu analijua. Siku hiyo alimshika Kisoda mkono akaenda naye moja kwa moja kwa fundi cherehani, mama mtu mzima wa mlango wa pili.

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Kwangu pia kafika. Mjukuu wa miaka tisa kamwacha, wa miaka mitano kampima mara mbili. Mwanangu, mimi kupima watu ndiyo kazi yangu. Nguo unazungusha utepe. Sasa mtu akipimwa unene, huyo hashonewi nguo. Huyo anatafutiwa pa kutiwa."

"Pa kutiwa wapi?"

"Nguzo ya tatu ya daraja jipya wameimwagia zege mara mbili, na mara mbili imepasuka. Wewe si mtoto. Usinitume niyaseme yote mbele ya huyu."

Mama Kisoda alimvuta mtoto nyuma yake.

Jioni mumewe alirudi mapema, nguo safi. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapo darajani, na siku za kazi alirudi ananuka moshi.

"Leo tena tumekaa tu. Jamaa mmoja wa ofisini katuzimia mashine. Eti kuna kitu anakitafuta mitaani, akikipata ndiyo tuendelee."

"Kitu gani?"

"Sijui. Hata mkubwa wake anamcheka."

"Anavaa kofia ya njano?"

"Sote tunavaa kofia za njano, mama Kisoda. Leta chakula."

Chakula alileta. Kula hakula. Alikaa anamtazama Kisoda anavyolala, mdogo mpaka shuka ilionekana kama haina mtu.

Asubuhi wanawake kama ishirini walikwenda hadi lango la shule. Mtu wao walimkuta hapohapo, goti chini, mtoto mwingine mbele yake. Alipoinua macho akamwona Kisoda nyuma ya mama yake, uso wake ulichangamka.

"Afadhali umemleta, mama. Huyu wako ndiye niliyekuwa namtafuta. Nimezunguka mitaa yote, sijaona mdogo kama—"

Hakumaliza. Mama gani angemwacha amalize? Kiatu cha kwanza kilimpata mdomoni. Shati lilichanika, rula ilivunjwa kwa visigino, karatasi zake zikaenda kwenye mtaro wenye tope. Polisi walipomtoa, jicho moja lilikuwa limefumba. Akiwa juu ya gari bado alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayebembeleza, "Nisikilizeni kwanza, mama zangu. Nisikilizeni kwanza."

Fundi cherehani alitema mate chini. "Akasikilizwe huko."

Hakuonekana tena. Ilisemekana ameomba kupelekwa mji mwingine. Siku ya tatu baba Kisoda alirudi giza limeingia, ananuka moshi, anapiga mluzi.

"Mashine zimewashwa. Mkubwa kasema tumalizie vilevile kama mchoro ulivyo, hakuna cha kubadilisha."

Nguzo ya tatu nayo ikamwagiwa zege mara ya mwisho, ikashika. Mtoto hata mmoja hakupotea. Mtaani wanawake walisalimiana kwa kugonganisha viganja, na mama Kisoda akapata usingizi.

Daraja lilifunguliwa siku ya Jumatatu. Barabara ilikuwa na njia sita, mistari bado inang'aa, na pembeni mwa daraja kulikuwa na njia ya waendao kwa miguu, ili watoto wasizunguke tena kwenda shule. Baba alikuwa ametangulia kazini tangu alfajiri. Mama alisema leo atampeleka Kisoda mwenyewe.

Alimshika mkono kwa nguvu. Walipofika katikati alisikia viatu vizito nyuma yao. Akageuka. Kofia ya njano.

Alimwachia mtoto, akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni, kumzuia yule mtu asimfikie.

"Habari za asubuhi, mama," alisema mwanamume, mzee wa kufagia, ufagio begani.

"Nzuri. Pita."

Alimpisha, akamkodolea macho mpaka alipofika mbali.

Alipogeuka, Kisoda alikuwa ukingoni, amepiga magoti, anachungulia maji kati ya vyuma viwili alivyovichomelea baba yake. Kichwa kilikuwa kimeshapita. Kifua kikafuata, bila hata kugusa rangi.