Pumzi ya Gaita

Alfajiri, jikoni gizani, kitu kilishusha pumzi. Mama Iria akakurupuka kitandani. Sauti ile aliijua: gaita ya marehemu mumewe, zumari ya mfuko wa ngozi iliyotundikwa ukutani tangu mazishi.

Daktari alishamwonya kwamba mtoto akiipuliza tena, kifua chake hakitapona.

Mama Iria akaingia jikoni, akaupapasa mfuko. Ulikuwa umejaa hewa, una joto kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Mdomo wa zumari ulikuwa umelowa, unanuka tumbaku.

"We Iria! Umepuliza tena? Unataka kuniua, mwanangu?"

Iria alikuwa amesimama pembeni, miguu mitupu, anahema taratibu, bila kukohoa.

"Baba amesema nikalale, atapuliza yeye."