Mwenye Leseni Mwenyewe

"Mzee, nitukane basi," fundi alisema, amepiga magoti juu ya zulia, nyaya zimemzunguka miguuni. "Nitukane, roho yangu itulie."

Mzee hakumtukana. Aliketi kwenye kiti chake kando ya meza, mikono juu ya mapaja, akamtazama tu. Kisha akayahamishia macho yake kwenye kioo cha kompyuta, ambako maneno yalikuwa yale yale ya tangu asubuhi: *Mfumo hautambui kompyuta hii. Amilisha leseni.*

Fundi alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Mkwe wa nyumba hii alipompelekea kompyuta dukani, alisema tu kwamba imekuwa nzito, mzee anaingoja mpaka anachoka. Hakusema zaidi, alikuwa na haraka zake. Fundi naye akajitia ukarimu. Badala ya kuisafisha na kuirudisha, aling'oa bodi ya ndani akaweka mpya yenye nguvu, akasahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa juma la kwanza hulikumbuka: leseni huhamishwa kwanza, ndipo bodi ing'olewe. Sasa mfumo uliamini umeibwa, ukajifungia ndani na kila kilichokuwemo. Na bodi ya zamani? Wanunuzi wa vyuma chakavu walikwisha kuivunjavunja.

"Hajasema neno tangu ulipoichukua," mama mwenye nyumba alinong'ona kutoka mlangoni. Alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili. "Hata moja."

"Amekasirika, mama. Ana haki."

Mama alimkazia macho kwa mshangao, akafungua kinywa amjibu, lakini simu ikalia.

"Ndiyo, mwanangu... Bado. Fundi yupo, anahangaika nayo... Waombe wakusubiri kidogo. Waambie mama amewapigia magoti."

Alipokata simu aliegemea ukuta.

"Madaktari wako tayari. Wanampasua binti yetu moyo, na hawakumficha kwamba anaweza asiamke. Ameomba kitu kimoja tu, amsikie baba yake kabla hajaingia."

"Si umpe mzee simu hiyo hiyo wazungumze?"

"Ingekuwa hivyo ningekuita wewe?" mama alifoka, na machozi yakamtoka papo hapo.

Fundi alikwisha kuona akina baba wakaidi, pamoja na baba yake mwenyewe, lakini huyu alikuwa kiboko. Binti yuko mlangoni pa chumba cha upasuaji, yeye amenunia kompyuta! Ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyeanzisha balaa lote hili si mwingine ila yeye.

"Mama, naweza kufuta kila kitu nikaweka mfumo mpya. Itawaka."

"Usithubutu!" Mama alirukia meza, akailalia kompyuta kwa kifua chake. "Ukifuta kilichomo humu, umemzika mume wangu. Unanisikia? Umemzika."

Mzee aliunyoosha mkono akamgusa mkewe begani, taratibu, mpaka mama akainuka. Fundi alidhani ni mambo ya picha za ujana, na wazee na picha zao hawaachani. Akajaribu namba nyingine ya leseni, ikakataliwa. Akazima, akawasha, akazima tena, kama mtu anayefungua mtungi mtupu akitumaini kukuta maji. Mwisho akapiga moyo konde na kuwapigia wenye mfumo, watu wa huduma kwa wateja, ambao mafundi huwakimbia kwa maswali yao yasiyokwisha.

Muziki ukapigwa weee. Mama alikuwa akizunguka chumba, akishika kiti, akiachia, akishika pazia. Hatimaye msichana akapokea.

"Dada yangu, nakusihi," fundi alisema. "Nimebadilisha bodi. Kosa ni langu peke yangu, wenyewe hawana hatia. Kuna mgonjwa hospitali, hatuna muda."

Akaulizwa jina, akalitaja. Akaulizwa namba iliyobandikwa chini ya kompyuta, akaisoma mara mbili, ulimi ukimkwama.

"Naiona leseni," msichana akasema. "Naweza kuiwasha sasa hivi."

Mama alishika kichwa. Fundi nusura aibusu simu.

"Ila kwa usalama, lazima nimsikie mwenye leseni mwenyewe. Ataje jina lake kwa kinywa chake na kusema ameridhia. Yupo hapo?"

"Yupo! Huyu hapa, mbele yangu!"

"Fundi, ngoja," mama alisema. "Fundi..."

Lakini fundi hakuwa wa kungoja tena. Alikwisha kuiweka simu kwenye spika, akaipeleka kwa magoti mpaka mbele ya uso wa mzee.

"Mzee wangu, neno moja tu. Jina lako. Ukishamaliza uninunie mpaka kiama, sitakulaumu. Nyumbani mnaweza kununiana, lakini mtoto wako yuko kule anakungoja, mzee. Mhurumie!"

Mzee aliitazama simu. Macho yake yalijaa, na safari hii hakuyageuza pembeni.

"Haya, mzee," msichana akasema, "nakusikiliza."

Mzee alifungua kifungo cha juu cha shati lake. Katikati ya shingo, mahali pa koo, palikuwa na tundu dogo lililokuwa likivuta pumzi na kuitoa, na mama akasema, "Sauti yake ndiyo iliyomo humo ndani, fundi, ndiyo humsemea akiandika, aliirekodi neno kwa neno kabla madaktari hawajaliondoa koo lake."