TV ya Bi Kijakazi Imezima Tena

"Imezima tena," alisema Zuena, akaitua TV juu ya meza ya fundi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Mara ya nne hiyo. Ussi, fundi wa redio na TV pale Kilindoni, aliona aibu imempanda mpaka masikioni. TV moja, mwaka mmoja, mara nne! Vijiweni walishaanza kumwita fundi wa majaribio. Na aliyeileta hakuwa mteja wa kupita. Zuena alikuwa mkewe kwa miaka saba, mpaka siku ile walipogombana kwa jambo ambalo leo ukimuuliza Ussi halikumbuki vizuri, akasimama mlangoni, akatamka talaka tatu kwa mpigo. Asubuhi yake alikwenda kwa shehe analia, mwanaume mzima. Shehe akatikisa kichwa. Hapo hapakuwa na rejea.

Zuena akarudi kwa mama yake, Bi Kijakazi, kule Utende. Na mwanamke aliyeachwa tatu, anakwenda kwa mtalaka wake kufuata nini? Watu wana macho, na midomo pia. Ila TV ikiharibika, hapo hakuna wa kumsema mtu. Ndiyo maana Ussi, Mungu amsamehe, kila alipoiona TV ile imepakiwa kwenye bodaboda, moyo ulimruka kwa furaha.

"Ugonjwa uleule?" aliuliza.

"Uleule, fundi. Haiwaki hata taa nyekundu."

Fundi! Enzi zao alikuwa akimwita "mwenzangu".

Akafungua skrubu, akainua mfuniko. Hakuhitaji mita ya kupimia. Kapasita nne, vile vikopo vidogo vya kwenye bodi ya umeme, zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Nne, palepale, kama siku zote. Akamlaani kimoyomoyo muuza spea wa Dar es Salaam.

"Leo nitengenezee ya kudumu," Zuena alisema. "Ijumaa naolewa. Mwanaume ni wa Lindi, Jumapili tunavuka bahari. Sitaki mama abaki peke yake na TV mbovu."

Bisibisi ilimtoka Ussi mkononi. Akainama kuiokota, akachelewa kuinuka.

"Hongera," alisema.

"Ahsante."

Akawasha chuma cha kulehemu. Wakati kinapata moto, alikumbuka mwaka ule alipoanguka kutoka kwenye paa la mtu akifunga dishi, akavunjika mkono. Miezi miwili Zuena ndiye aliyekuwa akilehemu, yeye amekaa pembeni anaelekeza: "Taratibu, mama. Usiunguze mguu wa spea. Risasi iyeyuke yenyewe, halafu vuta." Wateja wakimsifu Ussi kwa kazi safi, wawili hao wanacheka mpaka machozi. Ee Mola, walikuwa na raha zao.

Alizitoa zile mbovu, moja moja. Hapo shetani akamjia. Spea mpya zinafanana na za zamani, rangi moja, umbo moja. Akirudisha moja tu iliyovimba, nani atajua? Siku mbili tatu TV inazima, na bibi harusi atakuwa bado hajavuka. Na ikizima, nani ataileta? Akaishika ile kapasita mbovu kitambo. Kisha akaiweka chini, akafunga mpya zote nne, kwa moyo mmoja, kazi ambayo hakuwahi kuifanya vizuri hivyo.

"Zuena," akaanza, bila kuinua macho. "Siku ile..."

"Lehemu, fundi. Bodaboda ananisubiri."

Taa nyekundu ikawaka. Ikawa kijani. Picha ikaja, watu wanasoma kaswida, sauti safi. Zuena akapangusa jicho kwa ncha ya mtandio.

"Vumbi la duka lako hili," alisema.

Ussi akazifunga zile nne mbovu kwenye kipande cha gazeti. Ndiyo desturi yake: spea iliyokufa humrudishia mwenyewe, asije akasingiziwa kwamba hakubadilisha kitu. Zuena akausukuma mkono wake.

"Safari hii sizichukui. Zitupe." Akatoa mkobani leso iliyofungwa fundo. "Na hizi pia, za mara zile zilizopita. Sina pa kuziweka niendako."

"Haya. Ikizima tena, mwambie mama anipigie simu. Nitakwenda mwenyewe Utende."

"Haitazima tena."

"Utajuaje? Spea za siku hizi..."

"Haitazima, Ussi."

Alimwita kwa jina. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima alimwita kwa jina. Bodaboda ikafungiwa TV kwa mpira, Zuena akapanda ubavu, akashika kiti kwa mkono mmoja na TV kwa mkono wa pili. Hakugeuka. Ussi alisimama mlangoni mpaka hata mlio haukusikika.

Akarudi ndani. Akaichukua ile leso aimwage kwenye kopo la takataka, akafungua fundo.

Kapasita kumi na mbili. Hakuna hata moja iliyovimba.

Alivuta mita, akazipima moja baada ya nyingine. Nzima. Nzima. Zote kumi na mbili nzima, kama siku alipozifunga mwenyewe kwenye TV ile. Akazigeukia zile nne mbovu za leo, akafungua gazeti, akazipindua chini ya taa. Ni zilezile za mara ya kwanza: miguu yao ilikuwa imelehemiwa na kufumuliwa, ikalehemiwa tena na tena, taratibu, na hapakuwa na hata mguu mmoja ulioungua.