Ijumaa Isiyo na Mgeni

Ganda la saba la risasi Alfayo alilitia baruti mara mbili ya kipimo, kiasi cha kupasua bunduki usoni mwa mpigaji. Akamimina marisau, vile vipira vidogo vya risasi, juu yake, akalifunga mdomo kwa mashine. Kisha akaligusa kitakoni kwa kalamu nyekundu, alama ndogo kama jicho la panya.

Abu Fahd, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini na kushika pasipoti yake, alikaa kando na kahawa yake. Macho ya mzee yameingia ukungu. Tangu anunue ile mashine ya kujazia risasi, kazi yote pale stoo ya Al-Sulay, Riyadh, ilikuwa ya Alfayo.

"Mwezi mmoja tu, umeshakuwa fundi, wallah!"

"Mwalimu ni wewe, Baba."

Miaka minne Alfayo hajafika kwao Vihiga. Mama yake kalazwa, sauti kwenye simu imebaki uzi. Kila akiomba ruhusa, jibu ni moja: subiri. Na jana Lois, mpishi, alimnong'oneza: "Pasipoti yako iko mezani kwa Baba. Anawapigia simu watu wa Jeddah, anakutaja."

"Ananiuza kwa kafili mwingine."

"Si umuulize kwanza?"

"Mbuzi huuliza anapopelekwa sokoni?"

Kila Ijumaa Baba alikwenda jangwani kulenga shabaha, na alikuwa na desturi yake: bunduki huitia risasi mwenyewe, lakini mgeni ndiye hupiga kwanza. Baada ya hapo, Ijumaa tatu mfululizo walikuja wageni, na Alfayo akalificha lile ganda, akangoja. Wiki ya nne mzee alisema, "Ijumaa hakuna mgeni. Mimi na wewe tu."

Basi, asubuhi Alfayo akapanga maganda kwenye mkanda, lile la alama likiwa mbele.

Huko mchangani akasimamisha makopo, akarudi nyuma hatua kumi. Baba akaifungua bunduki, akapapasa mkanda, akatia ganda la kwanza. Alfayo aliiona ile nukta nyekundu ikizama. Bunduki ikafungwa, ka!

Mzee hakuiinua. Alichomoa bahasha kifuani. Ndani mlikuwa na pasipoti, kibali cha kutoka nchini, na tiketi ya Jeddah hadi Nairobi, ya kesho.

"Nafasi za ndege Riyadh mafi, hakuna kabisa; nimewasumbua watu wa Jeddah mwezi mzima. Sikutaka kukupa tumaini la bure. Nenda kwa mama yako. Kazi kwangu halas, imekwisha."

Alfayo alilisoma jina lake kwenye tiketi.

Mzee akamtia bunduki mikononi, akamkazia kitako begani, akasogeza shavu lake karibu na la Alfayo amwonyeshe kopo.

"Tangu leo wewe si mfanyakazi wangu," alisema akicheka. "Mgeni hutangulia. Yalla, piga."