Masaa Manne

Siku hizi jibu analolitoa waziri wa kaunti bungeni ndilo sheria nyumbani kwake. Mkawasi, mjamzito wa miezi tisa, alikuwa jikoni akimsikiliza redioni mumewe Mwakisha, waziri wa afya.

"Mheshimiwa Spika, waziri atuambie," aliuliza mwakilishi wa wadi ya milimani, "kwetu mama mwenye uchungu anamngoja mkunga muda gani?"

"Masaa manne, na yanatosha kabisa."

Makofi yakalipuka.

Jioni Mwakisha alimkuta mkewe ameng'ang'ania sinki, jasho linamtiririka.

"Mkunga yuko wapi?"

"Alifika nusu saa iliyopita, Baba Shali. Yuko sebuleni."

Alikimbia. Mkunga alikuwa kwenye kochi, glavu mkononi, akiitazama saa ya ukutani.

"Yamebaki masaa matatu na nusu, Mheshimiwa."